Maneno ya Shule kwa Sifa

Jumatano, 7 Februari
Pizarra, ubao. Tiza, chaki. Pupitre, dawati. Sifa ameyashika yote kabla chai haijapoa. Mimi bado najiuma ulimi kwenye la kwanza. Mama yake anatuma sauti kwa simu kutoka Hispania, maneno machache kila siku. Hataki mtoto achekwe darasani akifika. Karatasi za safari zimetoka. Za mtoto tu. Mama yake ameolewa huko na mwingine, mimi nitafuata nini?

Namfundisha binti yangu kuondoka. Kazi mbaya. Naifanya vizuri.

Alhamisi, 8 Februari
Wakimbizi wengine wa vita wameshuka kutoka Bibokoboko, kule milimani. Wanalala darasa la tatu na la nne. Asubuhi wanafunzi wangu wanangoja nje mpaka mikeka ikunjwe. Madawati mawili yamekwisha kuwa kuni. Nilikwenda kugomba, nikaona watoto wanavyoitazama sufuria. Nikarudi.

Sifa amepata rafiki kwao, Nyota. Anamfundisha Kihispania. Nyota hana kiatu, lakini kiti anakijua: silla.

Jumamosi, 10 Februari
Sijui niandikeje.

Neno la leo lilikuwa campana, kengele. Sifa alikuwa darasa la nne, kwa kina Nyota. Nilitaka asikie mlio kwanza, neno baadaye. Ndivyo ninavyofundisha siku zote. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyotundikwa uani. Nikaigonga kwa nguvu, nikicheka, nikiita campana, campana.

Jumamosi alasiri. Hakuna masomo. Huku kwetu rimu ikigongwa nje ya saa ina maana moja: wenye bunduki wanakuja, kimbia. Kila mtoto anajua. Mimi najua. Nilisahau kwa ajili ya neno moja.

Walitoka wote kwa mlango mmoja. Nikapiga kelele kwamba ni mchezo. Nani asikie? Bibi yake Nyota alianguka kizingitini, wakampita juu. Sifa alikimbia nao. Jua limezama, hajarudi.

Jumapili, 11 Februari
Sifa ameonekana kwenye mashamba ya mihogo, njia ya Mboko. Miguu imechanika. Halii. Afadhali angelia.

Bibi amekufa alfajiri.

Jumanne, 13 Februari
Tulizika jana. Mama yake Nyota alinishika mkono. "Mwalimu, usijitese. Kama haungegonga we, siku moja bangegonga bengine." Ningependa anitukane.

Sifa hataki maneno tena. Simu ikiita, anatoka nje.

Ijumaa, 1 Machi
Ameondoka na mjomba wake kwa boti ya Kigoma. Ufukweni nilimwuliza ubao. Akajibu pizarra, kwa heshima, kama mwanafunzi wa mtu mwingine. Nyota alikuja kumsindikiza, akamvalisha shanga zake. Mimi sikuwa na kitu cha kumpa.

Nilirudi shuleni nikafundisha kugawanya. Nilikosea hesabu ubaoni na hakuna aliyenisahihisha.

Jumatatu, 15 Aprili
Mama yake Sifa amepiga simu, sauti ya ugomvi. Leo ilikuwa siku ya kwanza ya Sifa shuleni. Mwalimu wa kule alifurahi sana: mtoto anajua pizarra, tiza, pupitre, yote. Kisha kengele ya mapumziko ikalia. Sifa akamshika mkono binti aliyekaa naye, mtoto asiyemjua hata jina, akamvuta wakatoka mbio mpaka barabarani. Kidogo gari liwagonge.

"Umemufundisha nini huyu mutoto?"

Nikamwambia, maneno uliyotuma. Akakata simu.

Nimeiteremsha rimu. Kuanzia kesho nitawaita wanafunzi kwa mdomo. Ni nzito kuliko nilivyodhani. Nyota aliniona nikihangaika, akaja akashika upande wa pili. Tuliibeba mpaka nyuma ya darasa la nne, tukailaza. Alijipangusa kutu mikononi, akarudi kwao.