Nguvu Zako za Jioni

Mpendwa Baba,

Kuna wakati wa jioni hapa Kawangware moshi wa majiko hutanda juu ya mabati, sauti zote zikawa kama zinatoka mbali. Hapo ndipo ninapokuona. Unatoka mjengo, saruji imekukaukia kwenye nyusi, unatembea polepole kama mtu anayevuka maji.

Nilikuwa darasa la sita, tukiishi mtaa wa Lindi, hapa hapa jijini. Mama alikuwa ameenda kwao Siaya na mdogo wangu, akasema hatarudi kwenye nyumba inayonuka chang'aa. Nikabaki nawe kwa sababu ya shule. Kila asubuhi uliapa kwamba umeacha kunywa. Kila jioni ulipitia mtaa wa Kisumu Ndogo, klabu za pombe zikakumeza. Hukuwa mkali, Baba. Uliketi kitandani na viatu vyako, ukaniambia kwa upole, "Achi, nguvu za mtu huisha. Zangu nazimaliza mjengo. Jioni sina hata za kusema hapana."

Niliamini. Ulikuwa umechoka kweli.

Kisha ikaja Ramadhani, na siku moja mvua ikawafukuza kazini mapema. Mwenye ploti tuliyopanga, Mama Zaituni, yule Mnubi wa sauti nzito, alikuwa mlangoni pake akikaanga sambusa za futari. Ukaketi kwenye benchi lake, ukamtazama.

"Mama Zaituni, tangu alfajiri hujaonja kitu?"

"Hata maji."

"Na harufu yote hii puani? Si saa hii umeishiwa kabisa?"

Akacheka. "Kuishiwa? Baba Achieng', zile siku za kwanza ndizo ngumu. Saa hii ndiyo niko imara. Nikikataa mara moja, kukataa tena kunakuwa rahisi. Kwani nani alikudanganya eti nguvu huisha?"

Ulitazama mafuta yakichemka mpaka adhana ikasikika. Alipokupa sambusa, uliishika tu mkononi, ukamngoja kwanza amalize tende yake.

Kesho yake uliniambia nikungoje kando ya reli. Tukapita Kisumu Ndogo pamoja, katikati ya harufu ya omena wa kukaangwa na sauti za magitaa zilizotoka kwenye milango iliyo wazi. Marafiki zako wakaita, "Fundi! Leo unaringa?" Ulinishika mkono, ukazidi kutembea. Tulipofika nyumbani ulisimama mlangoni, ukashangaa kama mtoto. "Achi, nimechoka hivi, na bado ninazo."

Ulianguka tena, baada ya kumzika rafiki yako wa mjengo. Nikangoja yale maneno ya kuishiwa. Lakini asubuhi ulinawa uso ukasema, "Jana nimeanguka. Nguvu hazijaisha." Ukaenda kazini.

Tulikuwa tumeshahamia hapa Kawangware Mama aliporudi. Alikukuta ukisonga ugali. Akasogea, akakunusa polepole shingoni, kama anavyonusa maziwa kabla ya kuyachemsha. Halafu akaweka begi chini, akakuuliza chumvi iko wapi. Ulilia, ukasingizia moshi.

Sasa maradhi ya kifua yamekuchukua, tumekuzika, na mimi ndiye ninayerudi jioni. Nasimama saluni mchana kutwa nikisuka, miguu inavimba, na watoto wananirukia kabla sijavua viatu. Hasira inapanda, najisikia nikisema sina uvumilivu tena leo, umeisha. Hapo najiuliza nani aliniambia hivyo. Siku nyingine swali hilo linatosha, nawapakata. Siku nyingine halitoshi, nawafokea. Uchovu ni wa kweli, Baba, wala sidhani maneno ya mtu yanaweza kuushinda wote. Ila nilikuona ukibadilisha jambo moja tu ulilojiaminisha, na jioni zetu zote zikabadilika.

Jumapili Mama alisinzia kwenye kochi, mchana kweupe. Akaanza kucheka usingizini. "Wewe, sogea kidogo," akasema, kwa ile sauti aliyokuwa nayo kwako tu, na mkono wake ukapapasa nafasi iliyo kando yake. Akafungua macho, akanitazama bila kunijua vizuri.

"Saa ngapi?"

"Bado mapema, Mama," nikamwambia.

Akafumba macho tena.

Pumzika, Baba.

Ni mimi, msichana uliyemshika mkono,
kifunguamimba wako.