Mbogo Aliyeamka

Isiolo,
Jumanne, baada ya adhuhuri

Kwako Abba,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai umeamka salama huko Kinna na lile goti limepunguza kukusumbua. Mama mpe salamu zangu, na wale ng'ombe watatu waliobaki Mungu awahifadhi. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo imechafuka. Sikupiga simu kwa sababu wewe huongea na simu kwa sauti ya juu na nusu ya soko husikia. Barua hii nampa dereva wa lori la vitunguu. Akusomee dada yangu Fathia peke yake, na mlango ufungwe.

Kwanza habari za ndugu yangu Salad. Daktari amesema mguu hautakatwa, alhamdulillahi, lakini nyonga imevunjika mara mbili, na kufuata mifugo tena asahau. Ardo mkewe analala sakafuni kando ya kitanda. Kila siku wageni wanakuja, wanamwangalia, wanamlaani Mungania, kisha wanakwenda zao wakichokonoa meno. Wananitia kichefuchefu, wallahi, na mimi mwenyewe ninajitia zaidi.

Nimesikia kwamba Ijumaa wazee wa Kinna wanakuja huku, wewe ukiwa mbele, mumwambie mkuu wa kambi kwamba Mungania alimpiga yule mbogo vibaya kwa sababu ya miraa. Ati afutwe kazi na ashtakiwe. Tayari amesimamishwa, na ana watoto wanne huko Meru. Kabla hujapanda gari, nisikilize.

Unajua mimi ndiye mweka stoo wa kambi. Yule mbogo alikuwa amejeruhi wachungaji wawili upande wa Leparua, kibali cha kumuua kikatoka. Mungania, mkubwa wa walinzi wetu, akapewa bunduki ya zamani ya mwenye kambi, ile ya mitutu miwili. Hakuwa ameishika maishani. Akaja stoo kuniuliza atie risasi gani, maana kambi nzima inajua wewe ulimbebea mzungu bunduki kama hiyo enzi uwindaji ulipokuwa halali.

Kulikuwa na aina tatu. Za shaba tupu, mpya, nilizikataa palepale, maana ni ngumu mno na zinaweza kuharibu mitutu mikuukuu kama ile. Halafu kulikuwa na ngumu za zamani, zilizotengenezewa bunduki hiyo hiyo, zinazopenya bega la mbogo mpaka moyoni. Za mwisho ni laini, zinazotanuka zikigusa mfupa zisifike ndani, ambazo ulitufundisha ni za simba. Mungania aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia ninayo, nikamtilia mbili mkononi.

Tulimkuta mbogo asubuhi kwenye vichaka vya laga, ule mto mkavu. Salad alikuwa nasi na kisu chake. Desturi unaijua kunishinda: mpigaji si Muislamu, kwa hiyo mmoja wetu lazima akimbie amwahi mnyama akiwa bado anapumua, amchinje kwa bismillahi. Sheria inataka mzoga uzikwe, lakini kwa ukame huu nani wa kuzika nyama? Mungania akapiga, mbogo akaanguka, Salad akatoka mbio. Mungania alimwita arudi. Salad alikuwa amebakisha hatua kama tatu hivi mbogo alipoamka.

Sitaki kuandika nilichokiona. Mungania hakukimbia. Alisogea karibu mpaka akampiga ya pili nyuma ya sikio, mbogo akafa hapo hapo. Kisha akavua shati, akamfunga Salad paja, akambeba mpaka kwenye gari. Akaniita niingie nimshike ndugu yangu kichwa. Nikasema nitafuata.

Nilibaki kwa ajili ya nyama, Abba. Damu ya Salad ilikuwa haijakauka kwenye mikono yangu na nilikuwa nachuna paja la mbogo. Mzee Abdiwahid, mpishi wetu, alikuja nyuma na magunia. Alikataa kugusa kitu mpaka aniulize kama kisu kilimfikia mnyama akiwa hai. Nikasema kilimfikia. Tukazika ngozi na mifupa, tukagawana. Lile furushi lililofika kwako Kinna, ukasifu, ndiyo nyama hiyo. Mmekula nyamafu, na aliyewalisha ni mimi.

Na risasi zilikuwa laini. Nilimdanganya Mungania kwamba zile ngumu za zamani zitapasua mtutu. Nilitaka mbogo aanguke asife, tupate kumchinja, vile ulivyotusimulia ukicheka kwamba ulikuwa ukimtilia mzungu wako laini kwa siri. Sikulaumu. Nilijua mbogo si swala, na bado nikachagua tumbo.

Mungania hajamtajia mtu jina langu. Jana nilimfuata nyumbani nikamwambia kila kitu. Akasema, "Nilikuuliza mara mbili, Abdinur." Heri angenipiga.

Kesho asubuhi naingia ofisini kwa mkuu na risasi zote nimweleze. Kazi najua imekwisha, na pengine nitalala ndani. Kwa hiyo Ijumaa msije kumshtaki mtu, mje kumwomba msamaha.

Lakini wewe njoo kwa sababu ya Salad. Siku alipozinduka hakuuliza habari ya mguu. Aliuliza, "Nilimwahi?" Nikamjibu, "Ulimwahi." Akalia kwa furaha, akasema basi hakuumia bure, watu wamekula halali. Tangu hapo anamsimulia kila mgeni. Kesho nikishasema, ukweli utamfikia hata kitandani, na mimi huenda nisiwepo. Atakuuliza wewe, Abba, na sijui utamjibu nini.

Nisalimie Mama na Fathia, na majirani wote wanaoniulizia kwa wema. Mniombee dua, hata kama mnaona sistahili.

Ni mimi mwanao,
Abdinur