Kamyo bila ngazi

Siku ya pili, 5/3/2024
Leo kwa parking ya makamyo nauzisha chai yangu, naona mambo! Patron Anaclet analeta fundi, anakata ngazi ya nyuma ya kamyo yake. Eti bamama ba soko ya Mudaka banapanda juu ya mizigo kwa siri, bila kulipa. Batu banacheka: na bapakizaji batapanda na nini? Ndugu yangu mudogo Destin, ule ananiitaka Yaya, dada mukubwa, njo mupakizaji wake. Anasema ye iko na migulu ya paka. Mutoto wa maman, kinywa haifungi, kama yangu tu.

Siku ya ine, 7/3
Mvua toka asubui. Destin alipanda kwa pneu, gurudumu ya kamyo, afunike mihogo na bâche, turubai ya mvua. Pneu yenyewe matope. Mi niko napiga stori na maman Constance, naye anauzisha pale — naona mugulu yake Destin inateleza. Alianguka na mugongo, juu ya mawe. Hakulia. Alisema tu: "Yaya, bâche haiyafungwa."

Siku ya tano, 8/3
Kwa hopitali munganga alituita pembeni, mi na Colette, bibi Destin alioa. Mugongo ilivunjika. Hatatembea tena.
Colette anasema tusimuambie kwanza, apate nguvu. Alafu akaniangalia.
"Yaya, nakuomba. Kinywa yako."
Sikukasirika. Nilienda kulia kule kwa kufulia nguo.

Siku ya mungu, 10/3
Kwa kanisa nilinyamaza. Banauliza kama niko na malaria.
Patron anatembeza maneno eti Destin mwenyewe alikosa kuangalia. Kamyo ilishaenda Sange na mupakizaji mupya. Naye anapanda kwa pneu.

Siku ya pili, 12/3
Nilimupelekea Destin kwa hopitali bugali na sambaza, samaki zile ndogo. Nikamupa habari yote ya kwetu Nguba: bibi ya Thierry alirudi kwabo, mbuzi ya Papa Pascal ilikula kitambaa ya chorale ya kanisa. Alicheka mpaka machozi. Mi naongea mbio mbio, sipumuziki, juu nikinyamaza ataniuliza.
Colette akatoka kutafuta maji. Destin akanishika kikwembe, kitambaa niliyojifunga.
"Colette ananidanganya, naona. Munganga naye. Wewe, Yaya, haujawai nificha kitu. Nitasimama tena?"
Nikafungua kinywa.
Nikasema sambaza inapoa.
Akaacha kikwembe yangu. Nikatoka, ati naenda kuangalia Colette. Niko nakaa chini hapa kwa mulango, naandika. Colette hayarudi bado. Mule ndani Destin ameanza kulia, polepole, kama mutu hapendi basikie —