Kikapu Kikubwa cha Shangazi

Mjukuu wangu Chebet,

Habari ya huko Nairobi? Huku Kapkatet mvua haijakatika, yule ng'ombe mweusi amezaa, na mama yako anakusalimia. Unaniuliza kama ni aibu kuacha ile edita kubwa ya kuandikia programu, inayogandisha kompyuta yako kuukuu, utumie ile nyepesi ambayo wenzako wanaicheka. Kompyuta siijui. Mimi najua kikapu cha kuchumia majani chai.

Nikiwa msichana kama wewe, niliacha changu kidogo nyumbani nikaazima kikubwa cha shangazi, ili wanawake shambani wasinicheke. Siku hiyo mama yangu alikuwa mgonjwa kitandani. Aliniambia, "Kikapu kikijaa, urudi haraka." Kile kidogo kingejaa kabla ya saa sita. Kikubwa kilijaa jioni, maana niliona haya kukipeleka kupimwa kikiwa nusu. Nilipofika nyumbani, majirani walikuwa wamekaa nje, na hakuna aliyenisalimia.

Chukua hiyo nyepesi. Ukimaliza kazi mapema, mpigie mama yako. Kila jioni anakaa na simu mkononi. Nikimuuliza, anasema anaangalia saa tu.

Ni mimi, nyanya yako.