Moshi wa Mpekani wa Bibi Lucille

Jumapili, 1 Juni

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, hata Mama: pua yangu haifanyi kazi. Tangu ile homa ya darasa la nane sisikii harufu ya kitu chochote. Si sabuni, si maua ya kanisani, si maziwa yaliyoharibika. Chakula kwangu ni chumvi, sukari, pilipili — basi. Mwanzoni nilinyamaza kwa kuwa nilidhani itarudi. Sasa nimenyamaza muda mrefu mno, sijui nianzie wapi.

Katika familia nyingine labda lisingekuwa jambo kubwa. Lakini mimi ni mjukuu wa Alvertis Tolliver! Watu wa hapa husema Babu akipita nje ya nyumba yako anajua unapika nini, kwa kuni gani, na kama mkeo amenuna.

Leo baada ya ibada mashemasi walikaa naye. Ukame umetukausha, na kaunti imepiga marufuku moto wa kuni nje. Kwa hiyo tanuri la matofali nyuma ya kanisa halitawashwa Juni Kumi na Tisa, sikukuu yetu ya kukumbuka mwisho wa utumwa. Halijawahi kukosa siku hiyo tangu Babu alijenge! Shemasi Rayford ana grili mbili za gesi. Gesi inaruhusiwa. Binamu yangu Deshon akacheka, akasema nyama ya gesi ni nyama ya hospitali.

Wote tukamtazama Babu. Nilijua atakataa. Kifua kinamsumbua, daktari amemkataza moshi, anatembea na mtungi wa oksijeni, lakini kiburi chake hakijaugua hata siku moja. Akasema gesi nayo inaweza kupewa moshi. Vibanzi vya mti ndani ya kisanduku cha chuma, juu ya moto, kifuniko kimefungwa. Shemasi amewauliza zimamoto, wamekubali.

"Anatakiwa mtu wa kuusoma moshi na kuunusa," Babu akasema. "Corinna atashika moto."

Mimi!

Nilitaka kusema, siwezi, Babu. Nikasema, "Ndiyo, Babu."


Jumatano, 4 Juni

Nimesoma kila kitu kilichopo maktaba kuhusu moshi. Vitabu viwili, kimoja hakina jalada. Kimesema loweka vibanzi usiku kucha. Nikaloweka. Nikaweka kuku kwenye grili nyuma ya nyumba ya Babu, nikafungua gesi, nikasubiri. Mvuke tu! Mvuke mweupe kama wa birika. Kuku akaiva, akatoka mweupe kama mgonjwa.

Babu alikuwa barazani, mbali, upande ambao upepo haumfikii. "Nani kakwambia uvioshe?" akaniuliza. "Unapika au unafua?"

Nikamwonyesha kitabu. Akasema huyo aliyekiandika hana kwao.

Deshon alikula kuku wote. Akasema anamkumbusha siku alipovunjika mguu, akalazwa.


Jumamosi, 7 Juni

Imekubali! Vibanzi vikavu. Upande mmoja wa grili nimewasha, upande mwingine nimezima. Nyama inakaa upande wa baridi, kisanduku upande wa moto. Hapo moshi unapita juu ya nyama ndipo utoke.

Babu amenifundisha kuusoma moshi. Mweupe, mzito, unaojikunja kama pamba — huo ni uchungu, usiweke nyama. Mwembamba, wa buluu, unaoonekana na usionekane — huo ndio. Nilifurahi kupita kiasi. Rangi! Macho ninayo. Nikawaza, basi nitaweza, hakuna atakayejua.

Kisha akasema, "Sasa nusa. Unasikia nini?"

Niliinama juu ya grili, nikavuta pumzi kwa sauti. Joto tu. Nikasema, "Karanga zilizokaangwa. Na mwishoni kama ganda la chungwa." Yamo kwenye kile kitabu kisicho na jalada, ukurasa wa hikori, mti wa vibanzi vyetu vya dukani.

Babu akafumba macho. "Karanga," akasema. "Ganda la chungwa. Sawasawa."

Nimemdanganya usoni pake, naye akatabasamu.

Tulipokaa kula, Shangazi Vernell akamfokea: "Baba! Hujaonja hata kidogo, unamwagia pilipili chupa nzima!" Babu akasema ulimi wa mzee ni ngozi ya kiatu, ni lazima uamshwe.


Jumapili, 8 Juni

Babu amewaambia mashemasi wote, nje ya kanisa, kwamba moshi wa gesi umekubali. "Karanga zilizokaangwa," akawaambia, "na mwishoni ganda la chungwa." Neno kwa neno! Shemasi Rayford akanipa mkono kama mtu mzima. Nilitamani ardhi inimeze.


Alhamisi, 12 Juni

Leo nilikwenda kumwambia. Nilipanga maneno njia nzima. Nilimkuta amelala kwenye kiti, mrija wa oksijeni puani, redio inazungumza peke yake. Nikazima redio. Nikarudi nyumbani.

Ningeweza kumwamsha.


Jumamosi, 14 Juni

Babu ameniita peke yangu. Bibi Lucille alikuwa na mpekani, mti wa njugu za pekani, nyuma ya nyumba, aliupanda mwaka walipooana. Dhoruba iliuangusha mwaka uleule Bibi alipofariki. Hayo nayajua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba Babu aliweka gogo moja. Liko ghalani, chini ya turubai. Hajawahi kulichoma. Hajaingia humo tangu kifua kimshike.

Anataka kidari kimoja tu cha ng'ombe kipikwe kwa mti huo. Kile cha meza ya wazee, cha kwanza kukatwa. Vingine vipikwe kwa vibanzi vya dukani, haidhuru. Desturi yetu ni ileile: mwenye tanuri anaonja kipande cha kwanza mbele ya watu, anasema "Leteni sahani," ndipo kanisa lote linakula. Kabla hajasema, hakuna anayegusa kitu, hata Mchungaji.

"Hii itakuwa sherehe yangu ya mwisho," akasema.

"Usiseme hivyo, Babu."

"Nisiseme kwa nini? Wewe si ndiye msomi? Hesabu." Akanishika mkono. "Ila ukilikata, uninusie kwanza. Mti uliokaa sana unaweza kushika kitu. Ukisikia chochote kisicho mpekani, achana nalo. Nitakula nyama ya hospitali kama Deshon."

Nikaenda ghalani. Nikafunua turubai. Gogo kavu, zuri, halina ukungu, halina wadudu — nimelichunguza pande zote. Nikaliweka chini ya pua. Nilikaa hapo muda mrefu. Sijui nilikuwa nasubiri nini.

Nikarudi barazani. "Je?" akauliza.

"Zuri, Babu. Tamu."

"Tamu," akasema.


Jumatano, 18 Juni

Nimepasua nusu ya gogo. Vibanzi vimejaa bakuli. Shangazi Vernell anatengeneza saladi ya viazi, hataki mtu jikoni. Soda nyekundu kreti nzima. Matikitimaji yamepangwa kwenye bafu.

Nimekuwa nikijiambia kwamba si uongo mkubwa. Macho yangu ni mazuri, moto nautunza, nyama inaiva. Kinachokosekana ni kitu kidogo tu cha katikati ya uso.

Najua ninachofanya. Natafuta maneno ya kulalia.


Alhamisi, 19 Juni, asubuhi

Niliwasha kabla ya jua, uwanja wa kanisa ukiwa mtupu. Kidari upande wa baridi, kisanduku upande wa moto. Moshi ulitoka mwembamba, wa buluu, mzuri kuliko siku zote za majaribio. Upepo ukauchukua kuelekea kwenye mahindi yaliyokauka. Nilikuwa peke yangu na Bibi Lucille, kwa namna fulani. Nilimwomba radhi.

Shemasi Rayford alipofika kuwasha grili ya pili, vibanzi vyangu vilikuwa vimekwisha kuwa majivu. Akasema nina mkono wa babu yangu.


Siku hiyohiyo, jioni

Naandika nikiwa kwenye ngazi za nyuma ya kanisa. Nisipoandika sasa nitakuja kuyapamba.

Saa kumi watu walikuwa wamejaa chini ya hema. Nikakata kipande cha kwanza. Ganda jeusi, chini yake utepe mwekundu wa moshi, kama kwenye picha za vitabu. Nikampelekea Babu kwenye meza ya wazee. Amevaa ile suti ya kijivu. Akatafuna polepole, macho amefumba.

"Huyo ni Lucille," akasema. Machozi yakamtoka. Wamama wakaanza kusema amina. "Namsikia kabisa. Leteni sahani!"

Makofi! Nikakimbia kuchukua trei. Nilikuwa na furaha — naandika ukweli — nilikuwa na furaha kweli.

Deshon alikuwa amesimama mbele ya trei, uso umekunjamana.

"Profesa, umepikia nini hiki? Trekta?"

"Usinitanie leo, Deshon."

"Haki ya Mungu sitanii. Inanuka dizeli. Nusa!"

Nikainama. Nikanusa, kama kawaida yangu.

"Umetoa wapi kuni?"

"Ghalani. Chini ya turubai."

"Turubai la pembeni? Si ndipo dumu la trekta lilipovuja wakati wa baridi? Mimi mwenyewe nilipigishwa deki, nilinuka wiki nzima." Akanitazama. Deshon hanitazami hivyo kamwe. "Hukusikia?"

Niligeuka kutazama hemani. Kisha naye akageuka, akatazama kwenye hema, alikoketi Babu anajifuta macho kwa kitambaa, Mchungaji amemshika bega.

"Lakini Babu ameonja," Deshon akasema, kwa sauti ndogo. "Mbele ya watu wote."

Hapo ndipo nilipoelewa. Chupa nzima ya pilipili. Karanga na ganda la chungwa, neno kwa neno. Unasikia nini, Corinna? Hakuwa ananipima. Alikuwa anauliza, kwa kuwa naye hasikii.

"Corinna!" Shangazi Vernell akaita. "Wazee wanasubiri!"

Wakila, watatema. Mashemasi wote, Mchungaji, Mama Odom ambaye hajui kunong'ona. Watamtema mzee Alvertis Tolliver mezani pake, kwenye sherehe yake ya mwisho.

Nikainua trei. Ilikuwa nzito. Nikatembea hadi katikati ya uwanja, kila mtu ananiona. Nikasimama. Kisha nikaiachia.

Sauti iliyotoka kwa wale wamama sitaisahau. Kidari kiliviringika kwenye vumbi. Mama Odom akasema, "Yesu wangu, kidari cha Lucille!" Nikasema nimejikwaa. Nilisema mara nyingi. Deshon alishafika na mfuko wa taka, anazoa haraka haraka, anapiga kelele kuliko wote: "Profesa! Kitabu hajaangusha hata kimoja, nyama ndiyo kaangusha!" Watu wakacheka, wengine walikasirika. Shangazi Vernell hakucheka. Alinusa hewani, akauliza kama kuna trekta limepita. Deshon akasema ndiyo, limepita sasa hivi.

Shemasi Rayford akaleta kidari chake, cha hikori ya dukani. Watu wanakula. Wanasema hakuna tofauti na tanuri.

Babu hakula. Aliomba apelekwe nyuma, kwenye kivuli. Baadaye akaniita.

"Kwa nini ulidondosha nyama ya bibi yako?"

"Nilijikwaa, Babu."

"Hukujikwaa. Nilikuona. Ulisimama kwanza."

Ningeweza kuacha hapo. Angenuna wiki mbili, angenisamehe, angekufa siku moja akiamini ladha ile ilikuwa ya Bibi. Nililifikiria hilo. Na bado sijui kama nimefanya vizuri. Lakini nimemdanganya tangu mwanzo wa mwezi, na katika uongo wangu alikuwa amesimama peke yake, kama mimi.

Nikaenda kwenye gari la Deshon, lile la mizigo lililo wazi nyuma. Nusu ya gogo iliyobaki ilikuwa humo, nilikuwa nimepanga kumpa Babu baada ya sherehe, aiweke. Nikamletea. Nikamwekea mapajani.

"Babu," nikasema, "nusa."

Alinitazama. Akauvuta mrija kutoka puani, taratibu, akauning'iniza sikioni. Akainua gogo kwa mikono miwili. Akavuta pumzi. Akaligeuza, akavuta tena upande ule uliopasuliwa. Kule hemani walikuwa wameanza kuimba.

Alikaa nalo hivyo usoni. Kisha akauliza, bila kunitazama, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Corinna. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Babu," nikasema. "Tangu darasa la nane."

Nikamrudishia mrija puani kwa sababu pumzi zilianza kumwisha. Nikakaa ngazini, miguuni pake, nikatoa daftari kwa kuwa sikujua mikono niiweke wapi. Bado amelishika lile gogo.