Nilimpiga Mzee Kamada Begani, Naye Akashukuru

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, lakini nakusihi tangu mwanzo usinishauri niombe radhi, maana ushauri huo ninao wa kutosha, nimepewa na shemeji yangu, nimepewa na muuza tofu, nimepewa hata na daktari wa meno nikiwa nimeachama siwezi kujibu, na kama ungekuwa unafaa ningekuwa nimeshaufuata.

Mimi ni mjane wa kasisi wa hekalu dogo la Kibudha la Zen huku milimani Shimane. Kama unavyojua, nyumba tunayokaa si yetu, ni ya hekalu, na kasisi akifa bila mrithi mjane wake anakaa kwa huruma ya familia zenye makaburi yao hapo, na huruma hiyo kwetu anaigawa mwenyekiti wao, Mzee Kamada, mwenye mashamba ya mpunga chini ya ngazi zetu. Mtoto sikujaliwa, ninaye mama mkwe wangu tu, aliyeingia nyumba hii akiwa bibi harusi na ambaye amesema wazi kwamba atatoka kwa jeneza, si kwa lori la kuhamisha vyombo. Mazishi na kumbukumbu za marehemu anakuja kutufanyia Kasisi Ryoen wa bonde la pili, anakuja na pikipiki yake ndogo, joho linapepea kama shuka kwenye kamba, na kila akinikuta nikisoma sutra, maandiko yetu ya asubuhi, ananitania, "Mama, unasoma kuliko mimi, nyoa kichwa basi uwe kasisi, nikuachie watu wako nipumzike," tunacheka, namimina chai, anakunywa, anaondoka.

Sasa ukumbi ulikuwa umekaa bure na paa linavuja, nikapatana na Hinako, mwalimu wa yoga wa kutoka Hiroshima, awe analeta kikundi kidogo cha watu wa mjini waliochoka, wakae siku chache, asubuhi wanyooshe viungo, mchana waketi kimya wakitazama ukuta na kutuliza akili, wale wali na supu ya miso na figili nilizozitia chumvi mwenyewe, simu zao nazifungia kabatini, na yupo bwana mmoja wa Osaka aliyelia siku ile ya kwanza, akasema ni utulivu, mimi nadhani ilikuwa simu. Wanaondoka nyuso zimelainika. Kwa ada zao paa limeacha kuvuja.

Mzee Kamada hakupenda tangu mwanzo. Alichungulia mlangoni akawakuta wameinama, mikono chini, makalio juu, akaniita pembeni, "Mama wa hekalu, haya makalio yanaelekea wapi?" Nikatazama, kweli yalikuwa yanamwelekea Buddha. Nikageuza mikeka. Kesho yake akarudi, "Sasa yanamwelekea baba yangu!" maana upande ule ndiko viliko vibao vya majina ya marehemu. Hinako, ambaye subira anaifundisha tu, akamjibu, "Mzee, mtu akiinama, makalio lazima yaende mahali." Basi tukayaelekeza jikoni, kwa mama mkwe, naye akasema hana neno, katika umri wake ameshatazamwa na mabaya zaidi.

Ndipo mwezi wa sita, mpunga umeshapandwa, Mzee Kamada akapanda ngazi baada ya chakula cha mchana, akavua mabuti yake ya shambani, akasema leo hachungulii, leo ataketi aone upuuzi wetu mwanzo hadi mwisho, apate la kusema mkutanoni. Nikampa mto. Akaketi vizuri kuliko wote, mgongo wima, maana baba mkwe wangu alimfundisha utotoni kama alivyofundisha watoto wote wa kijiji. Ubani haujaungua nusu, nikasikia anakoroma.

Mshauri, taratibu zetu unazijua, anayesinzia huamshwa kwa fimbo bapa begani, na kazi hiyo alikuwa akiifanya mume wangu, sasa naifanya mimi, kwa kuwa Hinako amesema yeye anafundisha watu kupumua, kupiga hapigi. Nikasimama nyuma ya Mzee Kamada, nikamgusisha fimbo begani polepole, kumtahadharisha, kama inavyotakiwa. Angeweza kuamka. Angeweza kukohoa. Badala yake, macho yamefumba, akaunganisha viganja, akalaza kichwa kushoto, akanipa bega la kulia, vilevile kama alivyofundishwa akiwa na kaptura. Mtu ameomba. Nikampiga. Nilimpiga kama ninavyompiga yeyote, ingawa mama mkwe, ambaye hasikii hata simu ikilia mapajani mwake, aliita kutoka jikoni, "Nani kaanguka?" Naye Mzee Kamada akaunganisha tena viganja, akainama kushukuru, kisha ndiyo akafumbua macho na kugeuka kuona amemshukuru nani.

Tulimalizana barazani, wageni wakijifanya wanaangalia mawingu.

"Umenipiga mbele ya watu!"

"Mzee, ulilaza kichwa."

"Nilikuwa nimelala!"

"Ndiyo maana nikakupiga."

"Wewe! Mke wa kasisi! Wewe hata si kasisi!"

"Mzee, umeshashukuru. Shukrani yako sijui niirudishe wapi."

Akavaa mabuti, la kulia mguu wa kushoto, la kushoto wa kulia, akashuka nayo hivyohivyo hadi chini kwa sababu kurudi kukaa kwenye ngazi zangu asingeweza.

Sasa ametangaza. Kwenye mkutano wa familia zote, kabla ya Obon, sikukuu yetu ya kuwakumbuka marehemu, niweke paji la uso kwenye mkeka mbele yake, niombe radhi, na niseme kwa kinywa changu kwamba vikundi vimekwisha. Nisipofanya hivyo, watatafuta kasisi mpya mwenye mke na watoto, na sisi tufungashe. Mama mkwe nimemwandikia kwenye karatasi akasoma, akasema, "Kamada yupi? Yule aliyekuwa akikojoa nyuma ya kengele ya hekalu?" Hataki kujua zaidi.

Mshauri, paji langu huliweka chini kila asubuhi, nimefuta sakafu ya ukumbi ule kwa magoti tangu nilipoolewa, kwa hiyo usidhani nina kiburi cha shingo. Lakini kwa hili sitalala chini. Sikukosa. Nieleze namna ya kukataa ambayo haitamtoa mama mkwe wangu nyumbani kwake.

Mwenye Fimbo, Shimane

*

Mama Mwenye Fimbo,

Nimecheka, kisha nimekasirika, na hasira yenyewe si ya Mzee Kamada peke yake. Zamu yako inakuja.

Tuanze na yeye. Mtu akitoa bega, ameomba. Akiunganisha viganja, ameshukuru. Katikati ya ombi na shukrani hamna mahali pa kutia kosa, na hilo analijua kukushinda. Bega halimuumi. Kinachomuuma ni kwamba mwili wake ulikukubali kabla yeye hajaamka kukataa. Bega lake lilikuita kasisi, na tangu siku ile kinywa chake kinahangaika kufuta. Mwonee huruma kidogo. Si wengi wanaosalitiwa na bega lao wenyewe.

Sasa wewe. "Kama ninavyompiga yeyote"! Usinifanye mtoto. Bibi asiyesikia simu mapajani alisikia bega la Mzee Kamada akiwa jikoni. Wageni wako wangapi wamewahi kusikika hadi jikoni? Pale hukuwa ukimwamsha tu, ulikuwa pia ukimlipa yale makalio. Fimbo ile ukiitia kisasi inabaki mti kama mti mwingine, na mume wako angekunyang'anya. Kwa hiyo umenikataza nisikushauri kuomba radhi, nami nakataa katazo lako. Radhi moja utaomba. Nenda nyumbani kwake kabla ya mkutano, peke yako, mchukulie figili zako. Simama mlangoni umwambie, "Mzee, kukupiga ilikuwa halali. Mkono ndio ulikuwa mzito. Naomba radhi kwa mkono." Ukishasema hivyo funga mdomo, hata kama unakuwasha. Akikufungia mlango, acha figili kizingitini. Huko milimani watu hukataa radhi, lakini sijasikia aliyetupa figili.

Mkutanoni nenda. Hinako mwache nyumbani, atasema jambo la kweli wakati usiofaa. Nenda na mama mkwe, umketishe mbele kabisa, pembeni ya tangi la chai, ambapo hakuna atakayeweza kutomwona. Anayetaka ahame itabidi alitamke, na kwa kuwa hasikii, itabidi alirudie. Nakuhakikishia hakuna mwanamume kijijini kwenu atakayelirudia mara ya tatu mbele ya bibi aliyemwona akikojoa nyuma ya kengele.

Wakikudai paji la uso, mgeukie Buddha, uliweke kwake kama ulivyozoea kila asubuhi, kisha uketi wima. Atakayeuliza radhi iko wapi, mwambie ilishafika kwa mwenyewe, pamoja na figili. Vikundi havifi. Wanaotaka vife, paa likivuja tena waje na ngazi, walizibe kwa mikono yao, tuone watapanda wangapi.

Lakini mama, yote hayo ni kuhamisha ndoo chini ya paa linalovuja. Kosa lako kubwa umeliandika ukalipita ukicheka. Kasisi Ryoen anakuambia nyoa, wewe unamimina chai. Mtu hawezi kutania jambo lilelile kila akishuka kwenye pikipiki. Huyo anasubiri jibu, na amesubiri kwa adabu hadi chai imemjaa tumboni. Unaniuliza jinsi gani mjane atabaki katika nyumba ya hekalu. Mjane habaki, umeeleza vizuri mwenyewe. Anayebaki ni kasisi. Wanawake wanalivaa joho hilo, unajua, na wewe sutra zote ziko kichwani, kila kaburi unajua nani kalala na alikuwa akimchukia nani. Umefanya kazi ya kasisi kwa cheo cha mke miaka yote hii, halafu mtu akikuambia "wewe si kasisi" unashangaa. Kwa hili tu Mzee Kamada alisema kweli, na ndilo lililokuuma.

Haitakuwa rahisi. Utaenda mafunzoni, utaamshwa kabla ya jua na wasichana ambao ungeweza kuwazaa, magoti yatakutukana kwa majina yote. Kasisi Ryoen awe mwalimu wako. Hinako atakaa na mama mkwe, na makalio yaendelee kuelekea jikoni kama kawaida. Lakini neno lenyewe liseme siku hiyohiyo mkutanoni, Ryoen akiwa ameketi ubavuni pako: "Mnatafuta kasisi. Msitafute mbali." Kisha keti. Usiongeze neno.

Wanaweza kukataa. Basi wakatae. Ila watakuwa wamemkataa mrithi wa hekalu lao, hawatakuwa tena wakimwonea huruma mjane, na jambo hilo ni zito kulitamka mbele ya vibao vya baba zao. Usiwasaidie kulitamka kwa kuondoka mwenyewe.

Na mto wa Mzee Kamada usiutoe ukumbini. Uache palepale alipoketi. Atarudi, maana mtu hapasahau mahali alipolala usingizi mtamu. Akikoroma tena, mguse bega, umsubiri aunganishe viganja, umpige, kwa mkono mwepesi.

Ila safari hiyo akigeuka kuangalia, akukute umenyoa.