Antena Iliyofungwa Foili

Mikumi, Jumanne

Foili ya kufungia chipsi! Ndiyo Shomari, fundi aliyeletwa kutoka Kilosa, aliyoizungushia antena ya redio ya walinzi wa mashamba, ati majangili wasiigundue kwa vipimo vyao.

Nilimwonya juzi mbele ya kamati ya kijiji. Nimesoma kwenye simu: kificho cha kweli ni vipande vya shaba vilivyopangwa kwa hesabu. Mawimbi ya anayeitafuta antena yanaizunguka na kwenda zake, ila ya antena yenyewe yanapita. Foili inaziba yote.

"Mzee, wewe baki na redio zako za zamani za mbao," akasema. Kamati ikacheka.

Leo alfajiri mlinzi aliita redioni kwamba tembo wanakuja. Hakuna aliyemsikia. Mahindi yangu yote yamelala chini. Wajukuu watakula nini mpaka msimu ujao, sijui. Kwa kweli sijui.

Jioni nikakutana na Shomari dukani.

"Shikamoo, mzee."

Nikamtazama tu. Akarudia, watu wakageuka.

"Haijanifikia," nikamwambia. "Labda nayo umeifunga foili."

Sijawahi kumnyima mtu marahaba maishani. Kesho nitamnyima tena.